Kompyuta Inachemka Ukicheza Gemu: Kuzima Hyper-Threading Kunasaidia Lini?

Gemu inaanza vizuri, fremu 90 kwa sekunde, feni imetulia. Ukifika nusu ya mechi feni inaunguruma, fremu zinaporomoka hadi 40, picha inakwama, inarudi, inakwama tena. Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote hapa Mtwara, hasa kuanzia Novemba joto linapopanda, na karibu kila anayeileta ameshaelekezwa dawa moja: zima Hyper-Threading, yaani ule mfumo unaoifanya kila kori (kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa) ishike kazi mbili kwa wakati mmoja, kila kazi ikiitwa thredi.

Dawa hiyo ni ya kweli. Kwenye prosesa iliyopandishwa kasi, kuizima hushusha joto kwa nyuzi 5 hadi 10 hivi pale kori zote zinapobanwa, na kwenye gemu hushusha kidogo chini ya hapo. Lakini ina bei yake, na bei hiyo hutofautiana sana kati ya prosesa na prosesa. Tena kwa pwani yetu hii, mara nyingi joto limeletwa na kitu kingine kabisa. Ukizima thredi bila kukijua hicho kitu, umeipunguza nguvu mashine na ugonjwa umeuacha palepale. Kwa hiyo twende na dalili kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, pima

Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto na wati, ni ya bure. Angalia mambo matatu: joto la kila kori, wati za prosesa nzima, ambazo pale zimeandikwa "CPU Package Power", na mstari wa "Thermal Throttling". Mstari huo ukisomeka "Yes", prosesa imeanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Prosesa nyingi za Intel za desktopu hufika hapo kwenye nyuzi 100. Ryzen 7 5800X kikomo chake ni 90. Ryzen 9 7950X kikomo chake ni 95, na AMD waliitengeneza ikifahamika kwamba ikibanwa kori zote itakwenda kukaa hapohapo kwenye 95, kwa hiyo ukiiona hapo usikimbilie kuifungua.

Halafu pima joto la chumba, kitu ambacho watu wengi hawakifanyi. Prosesa haiwezi kupoa kuliko hewa inayoizunguka, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Wapimaji wa Ulaya na Marekani unaosoma majedwali yao hukaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Nyumba ya bati isiyo na dari pale Ligula, mchana wa Januari, inapita 32 bila shida. Kwa hiyo mtu wa kule akisema kupozea chake kinaishia 80, hapa kifaa kilekile kikifika 90 hakina kosa lolote.

Jambo hili linawaumiza zaidi wanaoovakloki, yaani wanaopandisha kasi ya prosesa kupita ya kiwandani. Mtu anaseti kasi mwezi wa Julai, kusi inavuma, chumba kiko kwenye 23 usiku, mtihani unapita saa nzima bila kutetereka. Desemba anakuja analalamika mashine imeharibika. Haijaharibika. Imeongezewa nyuzi nane au tisa ambazo hakuziweka kwenye hesabu. Kama unaseti Julai, acha nafasi ya nyuzi 10 chini ya kikomo unachokitaka, au subiri joto ndipo useti.

Joto linaruka ndani ya sekunde chache, au linapanda polepole?

Swali hili linatenganisha magonjwa mengi kwa mpigo. Washa kazi inayobana prosesa, programu ya majaribio ya Cinebench inatosha, uangalie namba.

Ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu yake. Pesti, ile dawa laini inayopitisha joto kati ya hivyo viwili, imekauka, au skrubu moja imelegea, au pini moja ya plastiki haijaingia mpaka mwisho kwenye tundu lake la mazabodi, au ile karatasi ya nailoni ya dukani bado imebandikwa chini ya kupozea. Kama ni kupozea cha maji, gusa mirija yote miwili: mmoja wa moto na mwingine wa baridi, huku prosesa ikiwa inachemka, ni pampu imekufa. Kwa pesti, futa ya zamani kwa spiriti kali na kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi, weka mpya tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa mkasi, yaani kona na kona inayoitazama. Hapa sioni haja ya kubana matumizi. Bomba dogo la pesti nzuri linaweza kuletwa na basi kutoka Kariakoo na litakuhudumia kwa mashine kadhaa.

Likipanda polepole, dakika kumi hadi ishirini, ndipo likagota juu, hiyo ni hewa. Jaribio ni rahisi: vua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, cheza tena. Joto likishuka kwa zaidi ya nyuzi tano, kasha lako halipumui. Ama feni zote zinavuta na hakuna inayotoa, ama mashine imesukumwa ndani ya kabati la TV na mgongo umegusana na ukuta, ama ni vumbi.

Kwenye vumbi naomba nikae kidogo, kwa sababu la kwetu lina sura yake. Hitisinki ukiitazama kwa nje inaonekana safi. Ng'oa feni yake ndipo uone: kati ya feni na mapezi kuna utando mzito unaobanduka kipande kizima, na hapo ndipo hewa yote ilikuwa inagota. Mashine zinazoletwa kutoka Tandahimba, Newala na Masasi baada ya msimu wa kupuliza mikorosho huwa na unga mwepesi wa njano ndani ya huo utando. Ni salfa. Salfa hula shaba na fedha, na kwenye hewa yenye unyevu kazi hiyo huenda haraka zaidi, kwa hiyo usiiache ikae mpaka mwaka unaofuata. Za Shangani na Mikindani, zilizo karibu na bahari, shida yake ni chumvi: kutu ya kijani kwenye mabomba ya shaba ya kupozea na skrubu zinazogoma kufunguka.

Ukipuliza kwa blowa, shika panga za feni kwa kidole. Feni ikizungushwa na upepo mkali bearingi zake huharibika, tena ikizunguka inazalisha umeme wa kurudi kwenye mazabodi. Pulizia nje, barazani, upepo ukiwa nyuma yako.

Vumbi hakuna, pesti mpya, na bado inagonga 95

Sasa tazama volteji. Ukipandisha kasi na kuacha volteji kwenye "Auto", mazabodi nyingi hujiwekea usalama wao kwa kuimwagia prosesa umeme mwingi kuliko inavyohitaji. Umeme unaogeuka joto hukua kwa mraba wa volteji. Chukua prosesa inayokula wati 150 kwenye volti 1.35. Ukiishusha hadi 1.25 kwa kasi ileile, inakula kama wati 129. Umepunguza asilimia 14 ya joto, hujapoteza fremu hata moja na thredi zako zote zipo. Ndiyo maana mimi huweka hatua hii mbele ya Hyper-Threading kila siku. Shusha kwa 0.02, jaribu, shusha tena, mpaka mashine ianze kuyumba, kisha rudi hatua moja au mbili juu.

Pamoja na hilo, angalia ukomo wa wati kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi unayoifungua kabla Windows haijawaka. Core i9-9900K imeandikwa wati 95 kwenye boksi, lakini mazabodi nyingi huiachia ipite 150. Ukiifunga kwenye 120, kwenye gemu hutaona tofauti ya maana, kwa sababu gemu haibani kori zote kama kurenda video. Kwa Ryzen kuna "Eco Mode", inafanya kazi hiyohiyo kwa kubonyeza mara moja.

Mwenye Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 ya desktopu asasishe BIOS kabla ya yote. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita kiasi, wakatoa marekebisho ya maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa), 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba. Prosesa iliyokwisha kudhurika hairudishwi na sasisho hilo, wala na kuzima thredi.

Hyper-Threading yenyewe, na nani aizime

Kori moja ni sawa na fundi mwenye cherehani moja na oda mbili mezani. Akisubiri zipu ya gauni iletwe kutoka dukani, anaendelea na suruali. Cherehani haikai bure, ndiyo maana kazi zinazotoka ni nyingi zaidi, na ndiyo maana inachemka zaidi. Intel walianza kuiuza kwenye Xeon na Pentium 4 mwaka 2002. AMD walikuja na ya kwao, SMT, kwenye Ryzen mwaka 2017. Thredi ya pili haina vifaa vyake vya kukokotolea, inatumia vilevile vya kori. Kwenye kurenda video inaweza kuongeza asilimia 20 hadi 30. Kwenye gemu inategemea kori zako ni ngapi.

Kori nne, kama i7-7700K au i3-12100: usizime. Gemu za sasa zinataka zaidi ya thredi nne, na ukizibakiza nne wastani wa fremu unaweza kuonekana sawa huku picha ikidonoa, yaani ikikwama kidogokidogo, kila ukigeuza kamera. Laptopu za kori mbili, kama zenye i5-7200U, hata zisijadiliwe.

Kori sita, kama i7-8700K, hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Prosesa hii inatoka kwenye kipindi ambacho Intel waliacha kulehemu kifuniko cha prosesa za kawaida za desktopu wakaweka pesti ndani yake, kuanzia kizazi cha tatu mwaka 2012 hadi cha nane mwaka 2017. Joto linanasa ndani, kwenye pesti usiyoweza kuifikia bila kubandua kifuniko, kazi ambayo simshauri mtu asiye na kifaa chake. Kwa hiyo kuzima Hyper-Threading hapa kunaleta nafuu ya haraka, na mara nyingi kunakuachia upande MHz 100 zaidi au ushushe volteji kidogo. Kama unacheza gemu za zamani kidogo au za mpira, zima. Kama unacheza gemu kubwa za miaka hii huku unarekodi kwa OBS na Discord iko wazi, acha.

Kori nane kwenda juu, zima bila wasiwasi kama lengo ni gemu. Ushahidi umo kwenye bidhaa zenyewe: mwaka 2018 Intel waliuza i7-9700K yenye kori nane na thredi nane tu, ikawa prosesa nzuri ya gemu, na Core Ultra 200S za Oktoba 2024 hazina Hyper-Threading kabisa.

Kuanzia kizazi cha 12, thredi mbili zipo kwenye kori kubwa pekee, kori ndogo hazina. Core i7-12700K ina kubwa nane na ndogo nne, thredi 20. Ukizima zinabaki 12. Bado ni nyingi kwa gemu.

Kwa Ryzen zenye X3D, zile zilizoongezewa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka), nisingehangaika na SMT. Kwenye za mfululizo wa 5000 na 7000 ile kashe ya ziada imekaa juu ya kori na inabana njia ya joto kutoka, na kinachosaidia pale ni kushusha volteji kwa "Curve Optimizer", kama mazabodi yako inaruhusu.

Jinsi ya kuzima: ingia BIOS kwa Delete au F2, tafuta "Advanced" kisha "CPU Configuration". Kwenye MSI iko ndani ya "OC", kwenye "CPU Features". Weka "Hyper-Threading" kwenye "Disabled". Kwa AMD jina ni "SMT Mode" au "SMT Control". Hifadhi kwa F10. Ukirudi Windows fungua Task Manager, sehemu ya prosesa: namba ya "Cores" na ya "Logical processors" lazima zilingane. Zisipolingana, basi BIOS haijahifadhi.

Nimezima, joto liko vilevile

Kijana wa Lindi alinipigia na malalamiko hayo. "Fundi, shikamoo. Nimezima thredi kama walivyosema lakini bado inagonga mia."

"Marahaba. Wati zilikuwa ngapi kabla, na sasa ngapi?"

"Wati sijaangalia, fundi."

Aliangalia. 128 kabla, 127 baada. Gemu yake ilikuwa inatumia thredi chache tangu mwanzo, hivyo alichokizima kilikuwa tayari kimelala. Wati zisiposhuka, joto halina sababu ya kushuka. Sababu nyingine ni mazabodi yenye volteji ya "Auto", ambayo ikiona nafasi ya joto imepatikana inaruhusu kasi ipande tena, unarudi ulipotoka. Funga kasi na volteji kwa mkono, kisha ulinganishe. Na hakikisha kinachochemka ni prosesa kweli: kadi ya picha ya wati 200 ikimwaga joto lake ndani ya kasha dogo, prosesa inapokea tu.

Joto limeshuka, sasa gemu inadonoa

Usitazame wastani. Tazama asilimia 1 ya chini, yaani fremu unazopata kwenye nyakati mbaya kabisa za mchezo; programu ya CapFrameX inaionyesha. Cheza sehemu ileile ya gemu, muda uleule, thredi zikiwa zimewashwa kisha zimezimwa. Wastani ukibaki 90 lakini asilimia 1 ya chini ikashuka kutoka 65 hadi 38, macho yako yataiona hiyo 38. Rudisha Hyper-Threading.

Badala yake weka kikomo cha fremu. Skrini nyingi ninazoziona majumbani huku ni za 60 Hz, na mashine inahangaika kutoa fremu 140 ambazo skrini haiwezi kuzionyesha. Funga kwenye 60 ndani ya gemu au kwenye programu ya kadi ya picha. Prosesa na kadi vyote vinapumua, joto linashuka mara nyingi kuliko lilivyoshuka kwa kuzima thredi, na uniti za LUKU zinakwenda polepole. Kwa wenye vibanda vya gemu ni muhimu zaidi: kompyuta sita zinazokula wati 400 kila moja zinamwaga wati 2,400 za joto chumbani, na AC ya BTU 9,000 ina uwezo wa kuondoa kama 2,600. Ukiongeza jua la bati na watu waliojazana, imeshindwa.

Inazima ghafla, au inatoa skrini ya bluu

Hizi ni dalili mbili, zisichanganywe. Skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT wakati joto liko 75, tuhumu kwanza kasi kuwa kubwa kuliko volteji uliyoipa. Punguza kasi MHz 100 kwanza. Kuzima thredi kunaweza kuificha hali hii kwa wiki kadhaa kwa sababu kori inabanwa kidogo, kisha inarudi.

Ikizima pu bila ujumbe, washa kurekodi kwenye HWiNFO iandike kwenye faili, icheze mpaka izime, kisha soma mstari wa mwisho. Ukikuta 99 au 100, ni joto. Ukikuta 70, tazama pawasaplai na umeme wa nyumba. Kama inazima friji inapoanza kunguruma, au taa zinapofifia jioni, chomeka kwenye UPS na ujaribu tena kabla ya kulaumu prosesa.

Kwa laptopu

BIOS nyingi za laptopu hazina kipengele cha thredi, na baada ya udhaifu wa kiusalama uitwao Plundervolt kutangazwa Desemba 2019 nyingi zilifungiwa hata kushusha volteji. Njia iliyobaki: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows weka "Maximum processor state" kwenye 99. Prosesa inaacha kujirusha juu ya kasi yake ya msingi na joto linashuka sana. Inua pia sehemu ya nyuma ya laptopu, usiiweke juu ya godoro.

Haiwaki tena baada ya kubadili BIOS

Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki. Toa betri ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika tano, irudishe. BIOS inarudi ilivyotoka kiwandani, Hyper-Threading ikiwa imewashwa na kasi ikiwa ya kawaida. Kama ulikuwa na seti nzuri uliyoihangaikia, ilipaswa kupigwa picha kwa simu kila ukurasa, kwa sababu mazabodi nyingine hufuta na profaili zilizohifadhiwa ndani.